Maji Yasiyokuwepo Miguuni Mwangu

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenifikisha leo nikiwa hai na akili zangu timamu. Namshukuru na mama yangu, ambaye usiku niliokuwa silali naye hakulala. Ninayasema haya kwa ajili ya mtu nisiyemjua: wewe ambaye usiku huu utashtuka, utapapasa shuka ulikute kavu, na huku mwili wako unakwambia kuna maji. Unadhani ni wewe peke yako duniani. Si kweli. Nami nimepita hapo, na Mungu amenitoa.

Kwetu ni Palma, pwani ya kaskazini kabisa ya mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, ambako ukivuka mto Ruvuma umeshafika Tanzania. Tunasema Kimwani, tunasema Kimakwe, na Kiswahili tunakijua tangu utotoni kwa sababu nusu ya ukoo iko Mtwara. Mume wangu ni mvuvi. Mimi nilikuwa na cherehani barazani, nashona magauni na kukunja pindo za kapulana, nguo zetu za kujifunga. Mungu alitujaalia watoto watatu, na mwaka 2021 ulipoingia yule wa mwisho, msichana, alikuwa bado ananyonya.

Vita tulikuwa tunavisikia tangu tarehe 5 Oktoba 2017, vilipoanza Mocímboa da Praia, kusini kwetu. Agosti 2020 Mocímboa yenyewe ikachukuliwa na waasi, na jamaa zetu wa huko wakaja kujibanza kwetu. Tuliwapokea, tukawapa mikeka, tukawapa pole. Hatukujua kwamba zamu yetu iko njiani.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 24 Machi 2021, mwezi wa Shaaban, alasiri. Nilikuwa napima mkono wa gauni la mteja. Tukasikia milio ya risasi, na kila mtu akajua. Simu hazikupatikana. Mume wangu alikuwa baharini. Mama alimshika mkubwa mkono, mimi nikamfunga mtoto mgongoni, wa kati nikamkamata kwa kiganja, tukakimbilia kwenye mikoko. Wengine walielekea Quitunda, wengine Afungi, wengine waliingia porini njia ya Nangade. Hakukuwa na wakati wa kushauriana.

Mikokoni tulikaa usiku kucha. Maji yalikuwa yanajaa. Yalinifika magotini, kisha mapajani, kisha kiunoni. Nilimtoa mtoto mgongoni nikamweka begani, na kila alipotaka kulia nikampa titi. Mama alikuwa amewapandisha wale wawili juu ya mizizi, yeye mwenyewe amesimama ndani ya maji akiwakinga wasianguke. Tulikuwa watu wengi mle, na hakuna aliyesema neno. Moshi ulikuwa unatufikia. Baridi ya maji yale, na tope baina ya vidole, ilinishika miguu mpaka nikawa sijui kama bado ninayo. Nilisoma kila sura niliyofundishwa chuoni nikiwa mdogo. Zilipokwisha, nikaanza upya.

Siku zilizofuata sitazisimulia zote. Tulitembea, tukajificha, tukapata mashua ya watu wema iliyokuwa inashuka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa cha Zanzibar. Mume wangu tulimkuta huko huko, hai, alhamdulillahi. Yeye na wenzake walipouona moshi kutoka baharini waligeuza chombo wakashuka kusini.

Tulishukia ufukwe wa Paquitequete, mtaa wa kale wa Pemba, ambako tangu mwaka uliotangulia vyombo vilikuwa vinaleta wakimbizi kutoka kaskazini. Shangazi yangu akatupokea kwenye nyumba ambayo tayari ilikuwa imejaa. Mkoa mzima ulikuwa hivyo. Waliohama makwao walifika zaidi ya laki saba, na wengi hawakukaa kambini, walikaa kwa jamaa. Ukisikia hesabu hiyo ikitajwa redioni, mkumbuke shangazi anayegawa sufuria moja kwa vinywa vyote vile, na hajawahi kuuliza mtaondoka lini.

Miezi ikapita, nikaanza kukohoa. Nikadhani ni vumbi, kisha nikadhani ni moshi wa jiko. Nikakonda. Usiku nilitoka jasho, na jasho lile lilikuwa la kweli: naamka kapulana imelowa, naikamua mlangoni, mama anaona matone yakianguka mchangani. Walinipima makohozi. Kifua kikuu. Kwa nyumba iliyojaa vile si jambo la kushangaza, kwa sababu ugonjwa huu husafiri kwa pumzi. Nikapewa vidonge vya miezi sita: miwili ya kwanza dawa nne, minne ya mwisho dawa mbili. Nilionywa kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa nisiogope. Mtoto naye alipimwa, akapewa dawa ya kinga, nikaambiwa niendelee kumnyonyesha.

Kulikuwa na kidonge kingine kidogo, cha vitamini, ambacho mama anayenyonyesha hutakiwa kupewa pamoja na dawa hizo. Siku nilipoanza hakikupatikana. Wakati ule watu walikuwa wengi kuliko vitanda, kuliko maji, kuliko dawa. Mimi nilikuwa sijui hata kama kidonge hicho kipo.

Dawa ilifanya kazi. Ndani ya wiki chache jasho lilikauka, kikohozi kikapungua, nikaanza kuimaliza sahani yangu. Nilisujudu nikalia kwa furaha. Nilijiona nimevuka.

Ikawa katika mwezi wa tatu wa dawa. Nimelala mkekani, nikahisi maji yananigusa vidole vya miguu. Nikadhani mtoto amekojoa. Nikapapasa. Mkeka mkavu. Mtoto mkavu. Nikajifunika, nikafumba macho, yakarudi. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba ugonjwa umenirudia. Lakini jasho nililijua, na hili halikuwa jasho. Jasho hutoka ndani. Haya yalitoka nje, ya baridi, yakinizunguka.

Wiki hadi wiki yalipanda. Nyayo, kisha vifundo, kisha nusu ya miundi, miguu yote miwili sawasawa, kama maji yanayojaa. Na unajua maji yanayojaa yalinikuta wapi.

Mchana nilitembea juani, mchanga wa Paquitequete unawaka, na mimi nahisi nimetoka kukanyaga dimbwi. Navua kandambili, nazitazama. Kavu. Wakati mwingine lilikuwa tone moja tu, la baridi, linateremka kutoka nyuma ya goti hadi kisiginoni. Nageuka. Hakuna kitu. Watu walianza kuniona ninavyogeuka geuka.

Siku moja nilichukua unga wa muhogo, ngumi moja, nikaenda nyuma ya nyumba. Nikaupaka kwenye muundi kuanzia gotini hadi kifundoni, mweupe wote. Nikajiambia: kama kuna maji, unga utashikana. Nikangoja. Nikayahisi yakipita chini ya unga ule, nayahisi wazi kabisa, baridi yake na njia yake. Unga ukabaki mkavu. Nikapuliza, ukaruka wote, ikabaki ngozi yangu.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, “Mwanangu, unafanya nini na chakula?” Nikamwambia yote. Akachuchumaa, akaweka kiganja chake mguuni pangu, akakiacha hapo muda mrefu. “Pakavu,” akasema. Kisha akauliza, “Lakini wewe unahisi maji?” Nikasema, “Nahisi, mama.” Akasema, “Basi kipo kitu.”

Hakuniambia nimechanganyikiwa. Mpaka leo, nikimwombea dua, namwombea kwa neno lile.

Mtaani walikuwa na lao. Walisema ni jini wa bahari aliyenishika mikokoni na kunifuata hadi Pemba. Siwalaumu, mimi mwenyewe nililiwaza hilo kabla yao. Shehe wa mtaa alikuja akanisomea, akaniandikia kombe kwa zafarani, nikanywa. Nilipata utulivu, na sitaukana. Lakini shehe huyo huyo, alipokuwa anavaa viatu mlangoni, alimwambia mama kwamba dua tumeshaomba na tutaendelea kuomba, sasa mpelekeni akapimwe, kwa sababu Mola hakuleta maradhi bila kuleta dawa. Tulikuwa tunangoja tupate nauli.

Kabla nauli haijapatikana, ikaja siku ya jiko.

Nilikuwa napika matapa, mboga ya majani ya muhogo. Kaa la moto liliruka kutoka jikoni likatua juu ya mguu wangu wa kushoto. Nikanusa harufu. Nikatafuta inatoka wapi. Nikatazama chini, nikaona kaa liko juu ya ngozi yangu, na mimi sisikii moto. Nahisi baridi tu, na maji.

Mtu wa kwetu anajua mguu usiosikia moto maana yake nini. Tumekua tukiwaona wazee wasio na vidole. Msumbiji ni moja ya nchi ambazo ukoma bado upo, na mikoa ya kaskazini, Nampula na Cabo Delgado ikiwamo, ni kati ya iliyoguswa zaidi. Nililitia jeraha majani, nikalifunga kitambaa, nikamaliza kupika. Sikumwambia mtu.

Usiku ule sikulala. Sikulia pia. Nilikaa mlangoni. Maji yalikuwa magotini. Hakukuwa na maji. Mtoto alitaka kunyonya. Nikamwondoa kifuani. Akalia. Sikumpa. Niliogopa ngozi yangu imguse. Nilihesabu vidole vya miguu. Kumi. Nikavihesabu tena. Bahari ilikuwa inasikika. Nikawaza: pale mikokoni ningeachia tu. Yangenichukua. Niliwaza hivyo. Mimi, mwenye watoto watatu. Nikasimama. Nilitaka kwenda ufukweni. Sijui kufanya nini. Nilikanyaga, sikuisikia ardhi. Nikaanguka kizingitini.

Mama akaamka.

Alikishika kichwa changu akakilaza mapajani pake. Hakuuliza. Alisoma Yasini yote kwa moyo, pole pole. Alipomaliza akafungua kile kitambaa, akaliona jeraha, akaelewa. Akamchukua mtoto akamweka kifuani pangu, akaushika mkono wangu juu ya mgongo wake mdogo. “Kama ni ukoma,” akasema, “unatibika, na mimi nitakula nawe sahani moja. Kama si ukoma, kesho tutajua.” Mume wangu alikuwa amesimama gizani, amesikia yote. Kulipopambazuka hakwenda baharini. Alikwenda kukopa pikipiki.

Aliyenipima alikuwa muuguzi mtu mzima, mwenyeji wa Montepuez. Alisema Kimakua na Kireno, na Kiswahili kidogo alichookota kwa wagonjwa. Nilimwonyesha mguu kabla hajaniuliza jina. Akaniambia nifumbe macho. Akachambua uzi mwembamba wa pamba, akawa ananigusa nao, nami niseme ndiyo kila nikihisi. Shavuni, ndiyo. Gotini, ndiyo. Kwenye muundi nikasita. Kwenye kidole gumba cha mguu sikusema kitu, na nikamsikia mume wangu akivuta pumzi. Halafu akanigusa kwa chuma cha baridi, hapa na pale. Akanigeuza, akatazama mgongo, makalio, nyuma ya mikono, akitafuta baka lililopauka. Akapapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, na ule unaopita kando ya goti, akiuviringisha kwa vidole kuona kama umevimba. Hakuharakisha, na foleni ilikuwa ndefu. Mwisho akaketi, akanitazama usoni.

“Mama, huu si ukoma.”

Akanieleza. Ukoma mara nyingi huja na baka lililopauka au jekundu lisilohisi mguso, na mishipa hunenepa, tena mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine. Ugonjwa wangu ulianza kwenye ncha za vidole, miguu yote miwili kwa pamoja, ukapanda sawasawa. Hiyo ni dalili kwamba kitu kimeingia katika damu na kuigusa mishipa yote mirefu kwa wakati mmoja. Akapima sukari. Akapima UKIMWI. Hakuna. Akaniuliza tunakula nini. Nikasema ugali wa muhogo, matapa, samaki akipatikana. Akauliza muhogo tunauandaaje, tunaukausha siku ngapi, ni mtamu au mchungu. Nilishangaa. Akasema hapo jirani, mkoa wa Nampula, mwaka 1981 wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu, wanawake na watoto hasa, kwa sababu njaa iliwafanya waule muhogo mchungu kabla sumu yake haijatoka. Watu waliuita ugonjwa huo mantakassa. Lakini wenye ugonjwa huo miguu hukakamaa ghafla, nayo yangu haikukakamaa.

Ndipo akavitaka vidonge vyangu. Mume wangu akavitoa mfukoni.

“Isoniazidi,” akasema, akaweka kidole juu ya jina. Dawa hiyo inatibu kifua kikuu tangu mwaka 1952, na waliopona kwayo hawahesabiki. Ila ina tabia moja: huupunguzia mwili vitamini B6, ambayo mishipa ya fahamu haiwezi kukaa bila yake. Mwenye afya na chakula cha kutosha kwa kawaida hapati shida. Mama anayenyonyesha, aliyekonda, aliyekimbia vita, huyo akiba yake ni ndogo. Mishipa iliyo mirefu kuliko yote, inayofika nyayoni, ndiyo huanza kudhoofu. Mwingine husikia moto, mwingine sindano, mwingine ganzi, na mwingine, kama mimi, baridi na maji.

Niliuliza swali moja tu: niache vidonge? Aliinua mkono. Akasema nikiacha katikati, kifua kikuu kitarudi kikiwa kigumu kutibika, na nyumbani kuna watoto. Sitaacha hata siku moja. Kinachotakiwa ni kuongeza. Akanipa piridoksini, ndiyo hiyo B6, vidonge vidogo sana kwa hofu kubwa niliyokuwa nayo. Akatazama na dawa ya mtoto. Akanionya nisinunue zaidi dukani nikameza kwa pupa, kwa sababu B6 nayo ikizidi sana kwa muda mrefu huidhuru mishipa hiyo hiyo. Kiasi ni chake kupima. Akaniosha jeraha. Akanifundisha kuikagua miguu kila jioni, kuvaa viatu, kukaa mbali na makaa, na kuyapima maji ya kuoga kwa kiwiko kabla ya kuyamimina.

Tulipokuwa tunainuka aliuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza. “Maji hayo, mara ya kwanza mwili wako uliyajua wapi?” Nikasema, mikokoni. Nikalia pale, mbele ya watu. Akangoja nimalize. Akasema mishipa yangu ingeumwa hata kama nisingeingia mikokoni, lakini hofu ndiyo inayoipa kazi usiku. Akanielekeza kwa mama mmoja mshauri aliyekuwa anakaa na wanawake waliokimbia. Nilikwenda. Tulikaa chini ya mwembe, tukapakana msiro usoni, tukasemeshana. Mmoja alikuwa anasikia milio ya risasi masikioni. Mwingine hawezi kusikia harufu ya moshi bila kutapika. Nilipowaambia habari ya maji hakuna aliyecheka.

Mpwa wangu anayesoma Nampula ndiye aliyenifungulia jambo lililobaki. Nilimuuliza: inakuwaje nihisi maji, si baridi tu? Akasema ngozi ya binadamu haina mshipa wa kutambua umajimaji. Inatambua baridi, inatambua mguso, na ubongo hujumlisha hivyo viwili ukasema: maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walieleza hilo mwaka 2014. Kitu cha baridi kikiwekwa juu ya ngozi, ingawa kikavu, mtu anaweza kuapa kimelowa. Na mwaka ule ule wa 2021, mwezi Oktoba, mimi nikiwa Paquitequete sijui duniani kunaendeleaje, Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa David Julius na Ardem Patapoutian, waliogundua milango ambayo ngozi hupokelea joto, baridi na mguso. Julius alianza na ukali wa pilipili. Sisi wa Msumbiji pilipili tunaijua. Nilifurahi kusikia imemfikisha mtu huko. Nilifurahi zaidi kujua kwamba mwili wangu haukuwa unanidanganya kwa ubaya. Mishipa yangu iliyodhoofu ilipeleka baridi isiyokuwepo, na ubongo ukafanya ulichokijua, ukakumbuka maji.

Kupona kulikuwa polepole. Mshipa wa fahamu huota kwa kiasi cha milimita moja kwa siku, na kutoka goti hadi kidole ni mbali. Wiki za kwanza sikuona tofauti, nikakata tamaa, mama akanihimiza. Kisha asubuhi moja nikagundua kwamba usiku maji hayakufika gotini. Yakashuka hadi kwenye miundi. Yakashuka hadi vifundoni. Kuna siku nilikanyaga kijiwe uani nikapiga kelele ya maumivu, na shangazi akatoka mbio akanikuta nacheka na kulia. Vidonge vya kifua kikuu nikavimaliza. Makohozi yakapimwa, safi.

Palma tulirudi mwaka 2022. Cherehani haikuwepo, na ukuta wa upande wa barabara ulikuwa umeanguka. Kaka yangu wa Mtwara alituma fedha nikanunua cherehani nyingine, iliyotumika. Mtoto wangu sasa anakimbia pwani na wenzake. Mimi vidole viwili vya mguu wa kushoto bado vina ganzi, na mvua zikianza baridi ile hunigusa, kidogo. Sitakuficha: nikihisi tone mguuni, hata leo, natazama kwanza. Moyo unapiga. Nikiona ni tone la kweli, kutoka ndoo au kutoka mawinguni, nasema alhamdulillahi na kuendelea na kazi. Na njia ya mikokoni bado sijaipita. Nitaipita, inshallah, nikiwa na mama.

Sasa sikiliza, ndugu yangu. Mimi si daktari. Maradhi yako yanaweza kuwa mengine. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa upungufu wa damu na vitamini nyingine, inaweza kuwa dawa nyingine unayotumia, inaweza kuwa ukoma kweli. Ikiwa ni ukoma, dawa zake ni bure, na ukianza mapema vidole vyako utabaki navyo. Ikiwa hali hiyo imekuja ghafla, upande mmoja wa mwili, au uso umepinda, au miguu imekataa kubeba, au mkojo umekataa kutoka, usingoje asubuhi. Ikiwa imekuja pole pole kama yangu, nenda kesho. Na wewe unayeishi na mtu wa namna hii, weka mkono wako pale anapohisi, umwamini, umpeleke.

Na kama unameza dawa za kifua kikuu, usiache hata kidonge kimoja. Beba pakiti yako nzima, mwonyeshe anayekupa dawa, mwambie hivi: nahisi maji miguuni na maji hayapo, naomba unipime kwa pamba, naomba unitazamie kama napata B6. Hayo tu yanatosha kuanzia.